Kifua Changu Hakikuwahi Kuuma

Makambako,
Jumamosi alasiri.

Mwanangu Lusungu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Asubuhi umemaliza sahani mbili za viazi, ukapanda gari la Njombe huku unaimba, na sasa hivi uko Matembwe kwa bibi yako, anakufungashia maharage ambayo begi lako halina pa kuyaweka. Utarudi kabla ya giza. Kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika, nikitoa muda wa wateja. Kesho ukishakaa kwenye basi nitakupa bahasha hii uisome njiani. Usiifungue stendi. Utaanza kulia, nami nitafuata, na baba yako atajifanya anakagua tairi za basi lisilo lake.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala namna ya kuishi na wenzako chumbani, wala kwenda kanisani. Hayo baba yako anayasema tangu matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, na mengine ameyarudia mpaka paka ameyashika. Mimi nina jambo moja tu, ila lina mkia mrefu. Ni kuhusu ule mtihani.

Tulipoisoma pamoja ile barua ya kujiunga na chuo, tuliona kwamba wiki ya kwanza wanafunzi wapya wote watafanya mtihani wa Kiingereza na hesabu. Haumfukuzi mtu chuo wala haumpi cheti. Unapima tu umefikia wapi, ili wajue nani aendelee moja kwa moja na nani apewe masomo ya ziada muhula wa kwanza. Kiingereza hukukitilia shaka. Ulipofika kwenye hesabu ukaikunja barua. Wewe na hesabu mliagana kidato cha nne kwa ile D yako, ukakimbilia Historia na Jiografia, na tangu hapo hamsalimiani.

Siku chache baadaye ukaja na simu mkononi, umechangamka. Kwenye kundi la wanafunzi wapya mwenyeji mmoja wa chuo alikuwa ametuma karatasi ya mwaka jana pamoja na majibu yake. Ukaniambia, "Mama, wanasema haibadilikagi. Kila mwaka ni hiyohiyo. Nikishika majibu tu, nimepona." Ukaniambia pia kwamba hayo masomo ya ziada wanafunzi wanayaita wodi, na wanaoyasoma wanaitwa waliolazwa. "Mimi sitaki kulazwa, Mama. Watu watajua natoka shule ya kata."

Nilikuwa naunga kola ya sweta. Sikuinua hata kichwa. Nikasema, "Sawa, mwanangu."

Tangu siku hiyo nakusikia ukiosha vyombo: moja B, mbili D, tatu A, nne A. Umeyapa hadi sauti ya wimbo wa kwaya. Maswali yenyewe hujayasoma, maana nilikuuliza juzi swali la saba linahusu nini, ukacheka, ukasema la saba ni C. Nami nikacheka. Lakini ile "sawa" imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo nimeamua kuitoa.

Unajua, kama ukoo mzima unavyojua, kwamba mama yako aliacha chuo cha uuguzi kwa sababu ya kifua. Bibi yako mpaka leo akiniona bila kitambaa shingoni anagomba. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unanikataza kufagia nje asubuhi. Lusungu, kifua changu hakikuwahi kuuma. Hata siku moja. Kaa vizuri kwenye kiti chako nikueleze.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa msichana wa kwanza wa usharika wetu kuchaguliwa chuo cha uuguzi. Jumapili ya kuniaga walinisimamisha mbele ya madhabahu, na kila nyumba ikaleta kitu: huyu ndoo, huyu kanga, huyu kuku, mwingine shuka alilolitumia mwenyewe mara moja tu, alivyoapa. Mzee wa kanisa aliyekuwa akisoma matangazo akasema, "Binti yetu anakwenda kujifunza sindano isiyouma." Watu wakapiga makofi. Mzee yule alikuwa na utaratibu wake. Kila mwezi alitangaza habari za watoto wote wa usharika waliokuwa masomoni, mmoja mmoja kwa jina, na hakuficha kitu. Ukishika namba ya kwanza unatangazwa. Ukishika mkia unatangazwa umeshika mkia, kisha unaombewa.

Chuo kilikuwa si mbali na Njombe mjini. Wiki ya kwanza wakatupa mtihani, kama utakaofanya wewe, Kiingereza na hesabu. Waliofanya vizuri wangeanza masomo ya uuguzi papo hapo. Waliobaki wangekaa miezi mitatu katika darasa la maandalizi. Nilipoyasikia hayo sikumfikiria mwalimu wala mgonjwa. Nilimfikiria mzee wa matangazo, amevaa miwani, anasoma jina langu.

Hesabu hazikunitisha. Babu yako alikuwa mpasua mbao, na tangu nikiwa na miaka saba mimi ndiye niliyemshikia futi upande wa pili. Nusu inchi na robo inchi nilizijua kabla ya kujua kusoma. Lakini Kiingereza changu kilikuwa cha kukariri ubaoni. Pembeni yangu alikaa msichana wa Njombe mjini aliyeitwa Oliva, mweupe wa meno, mwandishi wa haraka. Kila alipozungushia jibu, nami nikazungushia. Nilipiga chabo karatasi nzima, Lusungu, sikubakiza hata swali moja la kwangu. Sijui mpaka leo ile habari tuliyopewa kusoma ilihusu nini.

Majina yakabandikwa. Walikuwa wamejumlisha masomo yote mawili. Mimi, kwa Kiingereza cha Oliva na hesabu za baba yangu, nikawa miongoni mwa wa juu kabisa. Oliva, ambaye hesabu zilikuwa zinampa homa, akapangiwa maandalizi. Niliyemwibia akabaki nyuma, mwizi nikatangulia. Mwezi ule nilitangazwa kanisani, na bibi yako akachinja kuku.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Darasani walimu walizungumza Kiingereza mwanzo mwisho, kwa sababu karatasi zetu zilisema tunakielewa. Wangeachaje? Nilijifunza kucheka wenzangu walipocheka. Nilijifunza kuandika huku mwalimu anaongea, mistari mingi, ambayo jioni sikuweza kuisoma mwenyewe. Nikiulizwa nimeelewa, natikisa kichwa. Sikuweza kumwomba mtu anieleze, maana ningeulizwa, sasa wewe ulipitaje? Hilo ndilo nililokuwa silijui kuhusu kuiba mtihani. Nilidhani wizi unaisha ukishakabidhi karatasi. Kumbe inabidi uendelee kuiba kila siku, na mimi sikuwa hodari kiasi hicho.

Siku moja tulikuwa tunajifunza kupima dawa. Haikuwa dawa, yalikuwa maji yenye rangi, na mgonjwa alikuwa mwanasesere wa kitoto aliyelazwa mezani. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, akaeleza kipimo. Nikasikia maneno yakipita. Nikamwangalia jirani yangu, kumbe yeye alikuwa na mgonjwa mwingine na kipimo kingine. Nikajaza kile kikombe kidogo mpaka kwenye mstari wa juu, nikamnywesha yule mwanasesere. Kumbe alisema nusu ya robo. Mimi! Mtoto wa mpasua mbao, niliyekuwa nacheza na nusu na robo! Angesema kwa Kiswahili ningekuwa wa kwanza kumaliza.

Mwalimu akakitazama kikombe, akanitazama mimi. Tangu tufike hakuwahi kusema Kiswahili darasani. Siku hiyo alisema, taratibu, "Huyu mtoto angekufa."

Nakwambia mwanangu, nimezaa, nimezika baba, nimeunguliwa na stoo ya nyuzi, lakini sentensi ile bado inanitoa jasho.

Sasa usikie kosa lenyewe, maana la kuangalizia lilikuwa la saa moja tu, na nilikuwa mtoto. Mwalimu aliniita ofisini. Hakunigombeza. Akasema amegundua Kiingereza kinanishinda, na kwamba si aibu, nishuke darasa la maandalizi, nitakaa na wenzangu, kisha nitaendelea nao. "Miezi mitatu si kitu," akasema. "Una kichwa kizuri cha hesabu. Utakuwa muuguzi." Alikuwa ananipa mkononi kila kitu nilichokuwa nakitaka, Lusungu, bila adhabu. Kilichotakiwa ni mimi kusema ndiyo. Nikaona miwani ya mzee wa kanisa. Nikakohoa.

Nilikohoa palepale mbele ya meza yake, nikasema nadhani kifua kinanisumbua, nadhani baridi ya huku hainifai. Ilikuwa mwezi wa saba. Chuo kizima kilikuwa kinakohoa, nani angebisha? Yule mama akasema, "Haya. Nenda nyumbani ukapone. Nafasi yako ipo." Sikurudi.

Na nyumbani nako nikavuna nilichopanda. Jina langu lilisomwa kama mgonjwa, nikasimama mbele, nikaombewa kifua. Nikaombewa Jumapili sita. Bibi yako alichemsha majani ya mkaratusi, akaniinamisha juu ya sufuria, akanifunika blanketi mbili, asubuhi na jioni, huku anaimba. Machozi yalinitoka, akasema, "Vizuri, uchafu unatoka." Kamwe usimdanganye mtu anayekupenda kuhusu afya yako. Atakutibu.

Shambani nikakatazwa kwa sababu ya umande, kwenye kuni nikakatazwa kwa sababu ya ukungu. Mwishowe akina mama wa usharika wakasema mtoto huyu hawezi kukaa bure, apewe kazi ya ndani, ya joto. Walikuwa na mashine moja ya kufuma waliyopewa msaada, hakuna aliyeijua vizuri. Wakaniletea. Ndiyo hii hii, nimeshaibadilisha sindano na reli, lakini mwili ni ule ule. Imekulisha, imekuvalisha, imekusomesha. Nami naipenda. Sikuandikii kama mtu aliyeharibikiwa. Nina furaha na maisha yangu, nina baba yako na wewe, na nikiona watoto wanapita barabarani asubuhi ya upepo wamevaa kazi ya mikono yangu, moyo unanituna. Ila huwa najiuliza ningekuwa muuguzi wa namna gani, na sitakuja kujua.

Subiri kidogo, mteja.

Nimerudi. Alikuwa mama mmoja na kijana wake wa darasa la kwanza, anataka sweta la shule. Nimempima mtoto, mama akanishika mkono. "Dada, ongeza hapo. Fuma kubwa, atakua nalo."

Nikamwambia, "Mama, hili litamfika magotini."

"Si atakunja mikono? Mwachie nafasi jamani, watoto wanakua."

Nimeongeza, ningefanyaje. Kila mzazi wa hapa anataka hivyohivyo, nami nilikuvalisha hivyohivyo, una picha zako umemezwa na kijani kibichi. Kwenye sweta haina shida, sweta linasubiri. Liko pale pale mpaka mikono yako ilifikie. Darasa halisubiri, mwanangu. Kesho yake mwalimu ameshaenda ukurasa mwingine, na keshokutwa mwingine tena, nawe bado unakunja mikono.

Nilikuwa wapi? Oliva. Nilikutana naye siku uliyozaliwa. Nilifika hospitali ya Njombe usiku uchungu umeshika, asubuhi wewe umetoka, na muuguzi aliyeingia zamu ya mchana alikuwa yeye. Meno yaleyale. Alimaliza yale maandalizi, akaendelea, akawa muuguzi. Akachukua faili langu, akasoma, akauliza, "Kifua chako kinaendeleaje?" Nikasema kimepona. Akaangalia mlangoni, akavuta kiti.

"Nilijua unaangalizia," akaniambia. "Nilisogeza mkono ili uone vizuri."

Akaendelea, "Nilifikiri nakusaidia. Uliponipita nikachukia, nisikufiche, nikalia siku mbili. Halafu uliporudi kwenu nikajua sikukusaidia." Nikamuuliza darasa la maandalizi lilikuwaje. Akacheka. Akasema pale ndipo mara ya kwanza maishani mtu alimweleza sehemu za namba kuanzia mwanzo, kwa kukata chungwa, na hakuna aliyemcheka kwa sababu wote walikuwa hawajui. "Nisingepita pale," akasema, "nisingeweza kumpimia huyu wako dawa ya matone." Ulikuwa na macho yanayotoa usaha, naye ndiye aliyekupimia. Nilimwangalia akihesabu matone, nikaomba Mungu anisamehe.

Siku ile ningeweza kuanza kusema kweli. Sikusema. Uongo ukishazoea nyumba unakuwa na kiti chake, watu wanaukaribisha chai.

Leo mchana, ulipokwisha kuondoka, nimemweleza baba yako. Nilisubiri ameze tonge la kwanza. Nikamweleza yote, chabo, kikombe, kikohozi. Akaacha kula. Unajua kwamba shangazi zake wa Ipelele, kwao Makete, walimkataza asinioe, wakasema mtu wa kifua hatamaliza msimu mmoja wa baridi ya Makete, na kwa ajili hiyo tukaja kuishi huku Makambako, akayaacha mashamba ya baba yake kwa wadogo zake. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo Ipelele niliiacha kwa kikohozi cha uongo?"

Nikasema, "Ndiyo, baba Lusungu."

Akaisogeza sahani pembeni. Mimi nimekaa pale, mikono mapajani kama mtoto, mwanamke mwenye umri wangu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Ile mikaratusi niliyokuwa nakuchumia! Kila Jumamosi! Kwa baiskeli!" Alicheka mpaka akafuta macho. Lakini baadaye, ananawa mikono, akasema bila kunitazama, "Ungeniambia tu. Ningekuoa vilevile." Hilo limeniuma kuliko kama angenigombeza. Miaka yote hii nilikuwa namficha mtu ambaye hakuwa na neno.

Bibi yako bado hajui. Wiki ijayo nitapanda kwenda Matembwe nimwambie. Niombee.

Sasa wewe. Wewe si mimi, na chuo chako si kile. Pengine karatasi ni ileile kama wanavyosema, utaimba wimbo wako wa B na D mpaka mwisho, na hakuna atakayekugundua. Sikutishi kwamba utakamatwa. Mimi sikukamatwa. Kama ningekamatwa siku ile ile, leo pengine ungekuwa unaandikiwa na muuguzi. Ninachoogopa ni ukae miezi minne kwenye darasa la takwimu, unatikisa kichwa, huna wa kumuuliza. Umeomba mwenyewe kusomea mipango ya vijiji, na kazi hiyo ni namba. Siku moja utaambiwa upige hesabu ya visima vya watu, au ya dawa za zahanati. Utazipigaje?

Na hao wanaoita wodi, waache waite. Waliolazwa ndio wanaopewa dawa. Kuna mwalimu amelipwa akueleze yale yaliyokupita kidato cha pili, wakati mwalimu wenu wa hesabu alipohama na hakuletwa mwingine. Hilo halikuwa kosa lako. Nilipaswa kukwambia hivyo siku ile uliponionyesha simu, badala ya kuunga kola. Nilisema "sawa" kwa sababu niliogopa ukiniuliza "kwa nini" ningelazimika kukohoa tena. Nisamehe.

Ile karatasi iko kwenye simu yako, na simu iko mkononi mwako. Sikuifuta ulipoiacha kwenye chaji jana, ingawa niliishika mara mbili. Sitaki ukafanye mtihani wako kwa woga wangu. Ukipangiwa masomo ya ziada, nipigie jioni hiyohiyo. Nitafurahi, na baba yako atafurahi, na nikisikia mtu anakucheka hapa mtaani tutaonana naye.

Na ukinipigia kusema umepita, sitakuuliza umepitaje. Nitapiga vigelegele, nitawaambia majirani, nitakuamini kabisa. Wewe peke yako ndiye utakayejua.

Mama yako